Kura Yenye Alama

Jumatatu asubuhi, mwezi Septemba, baada ya uchaguzi mkuu, Loris alibandika matokeo ya kituo chetu kwenye ubao ulio karibu na mashine ya kahawa, akarudi nyuma hatua mbili na kufuta mikono kwenye suruali kama mtu aliyeshika kitu chenye mafuta. Loris ndiye mwenyekiti wa Nyumba ya Watu ya kijiji chetu, Pieve Storta. Ana miaka hamsini na nne, kwa hiyo kwetu sisi bado ni kijana.

Nilivaa miwani. Kituo chetu ni kile cha shule ya msingi, wanapopiga kura watu wa mitaa mitatu tu, na kila mtu wa mitaa hiyo namjua kwa jina, kwa baba yake na kwa baiskeli yake. Watu wa Mashati walikuwa wamepata kura mia mbili na kumi na saba.

Tunawaita hivyo kwa sababu ya mashati waliyovaa babu zao, zamani zile walipowakamata babu zetu barabarani na kuwanywesha mafuta ya nyonyo kwa faneli. Babu yangu alinyweshwa mara mbili. Wajukuu wao siku hizi wanavaa suti nzuri na hawataki kusikia habari za mashati. Nilipoanza kupiga kura, kituo hicho hicho kiliwapa kura tisa, na wenye kura hizo tuliwajua wote: mfamasia na mkewe, padri, na familia ya mwenye shamba kubwa. Tuliwasalimia vizuri tu tukikutana nao. Sasa mia mbili na kumi na saba. Akina nani?

"Kahawa, Mwalimu?" Zelinda aliuliza kutoka nyuma ya kaunta. Huniita Mwalimu kwa utani, maana mimi nilikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya pampu, sikuwahi kufundisha shule yoyote.

"Umeuona huo ubao?"

"Nimeuona. Ndiyo sababu nakuuliza kama unataka kahawa."

Alasiri tulikaa kwenye karata kama kawaida. Mimi na Learco tumekuwa upande mmoja wa meza kwa miaka arobaini na minane. Katika mchezo wetu, watu wa upande mmoja wanaruhusiwa kupeana ishara za uso, mradi wapinzani wasizione. Learco akiwa na ree ya turufu, karata kubwa kuliko zote, anabana midomo; akiwa na mfalme anatazama dari. Nimeutazama uso ule zaidi kuliko nilivyomtazama marehemu mke wangu.

"Mia mbili na kumi na saba," nikasema.

"Cheza," Learco akasema.

"Ni watu hawa hawa tunaokunywa nao divai. Wamekaa humu humu."

"Dorando, hapa tunacheza au tunahutubiwa? Toa karata, bwana, mkono wangu unaota mizizi."

Nilitoa karata. Nikamtazama usoni, nikangoja ishara. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Tulipoteza mchezo, na mwishoni nikaona kwamba alikuwa na ree ya turufu tangu mwanzo.

Nilikwenda nyumbani nikikanyaga majani makavu, na nikawa najiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza juu ya mtu yule.

Lazima niseme Nyumba ya Watu ilikuwa nini, maana nikisema ni baa yenye ukumbi wa dansi sitakuwa nimesema uongo, lakini sitakuwa nimesema kitu. Baba zetu waliijenga kwa mikono yao baada ya vita, Jumamosi na Jumapili, kwa matofali ya tanuri lililobomolewa kwa mabomu. Kila familia ilileta matofali yake kwa baiskeli. Ndani kulikuwa na jiko, ukumbi, chumba cha mikutano cha Chama, yaani chama chetu cha siasa, cha wafanyakazi na wakulima, na maktaba ya vitabu elfu tatu na mia moja na kumi na viwili, ambavyo nilivipanga mimi mwenyewe kwa miaka mitatu. Tuliitana ndugu. Mtu akiugua, ndugu walimvunia zabibu. Msemaji akija kutoka mjini alijua kwamba hapa watu watamuuliza maswali, tena magumu.

Baadaye Chama kikabadili jina. Kikabadili tena. Mara ya tatu sikujisumbua kulikariri. Katika maktaba, kitabu cha mwisho kuazimwa kiliazimwa na mtu aliyetaka kusawazisha mguu wa meza. Ng'ombe wa maziwa ya jibini letu sasa wanakamuliwa na Wahindi wenye vilemba, watu wa kimya, wanaopita mbele ya mlango wetu kwa baiskeli bila kuingia. Na Loris akifungua mkutano hasemi tena "ndugu". Anasema "wapendwa wanachama", kama mtangazaji wa sabuni.

Mwezi wa Januari, wapendwa wanachama tuliletewa barua. Kampuni moja ya mashine za kamari ilitaka kuinunua Nyumba. Ukumbi wa dansi ungejazwa zile mashine zenye taa ambazo mtu hukaa mbele yake peke yake na kubonyeza mpaka mshahara uishe. Loris alisema paa linavuja, boila imekufa, na sisi tuliobaki ni arobaini na wanane, mdogo wetu akiwa yeye.

Kwa mujibu wa katiba yetu, kuuza kulihitaji theluthi mbili ya wanachama wote, yaani kura thelathini na mbili. Nilihesabu vichwa. Wale waliochoka niliwajua, hawakufika thelathini na mbili. Kama kila aliyeniambia "niko na wewe" angekuwa na mimi kweli, Nyumba ingebaki. Lakini watu wale wale walikuwa wameniambia pia kwamba hawawezi kuwapigia kura Watu wa Mashati hata wakifungwa kamba.

Nilinunua daftari la hesabu. Nikaandika majina yote arobaini na wanane, na mbele ya kila jina nikaandika nilichokiona. Fulani ameacha kununua gazeti letu. Fulani anacheka habari za wageni zikitajwa kwenye televisheni. Fulani, tarehe kumi na mbili, kasema kwamba enzi za mashati treni zilifika kwa wakati. Nilikaa mezani karibu na dirisha nikiwatazama wakiingia, na nikaandika.

"Unaandika mashairi, Mwalimu?" Zelinda akaniuliza.

"Naandika kumbukumbu."

"Andika na hili: kikombe chako kimekauka tangu saa tatu na umeshika meza ya watu wanne."

Mbele ya jina la Learco nilikuwa nimeacha nafasi tupu. Mwezi Machi nikaanza kuijaza. Alishushwa na gari la Loris mbele ya ofisi ya posta. Mkwe wake ni fundi umeme, na nikasikia amepewa kazi na kampuni ile ya mashine. Nilipomwambia Learco kwamba tutawashinda, alijikuna shingo na kusema, "Labda tungeacha tu, Dorando. Kitu kikifa, kizikwe vizuri." Nikaandika maneno hayo kama alivyoyasema, na saa.

Mkutano ulikuwa Jumapili ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa dansi. Walikuja wote arobaini na wanane. Wawili waliletwa kwa viti vya magurudumu. Zelinda alikuwa jikoni akiandaa chakula cha mchana, kwa sababu kwetu hakuna mkutano usioishia mezani, na harufu ya mchuzi wa nyama ilikuwa imeingia ukumbini kabla ya watu.

Loris alisema yake kuhusu paa na boila. Mimi nilisimama nikasema yangu. Nilisema kwamba kila tofali la ukuta ule limekuja kwa baiskeli, na kwamba baba zetu hawakubeba matofali ili wajukuu wapoteze mishahara yao humo ndani mbele ya taa za rangi. Nilisema vizuri. Watu walipiga makofi, lakini kwa namna ile wanayompigia mtu makofi anapostaafu.

Learco alikaa safu ya tatu, kofia magotini.

Kura zetu hupigwa kwa namna yake. Katiba ya Nyumba niliiandika mimi, mwaka wa themanini na moja, na kifungu cha ishirini kinasema mwanachama ataandika jibu lake kwa mkono wake, kwa neno, kwenye karatasi tupu. Nilikataa visanduku vya kuweka mkasi, ile alama ya X. Nilisema wakati ule, na hakuna aliyenipinga, kwamba mtu mzima anayejua kuandika haweki mkasi kama anayehesabu magunia. Wengi wetu tulikuwa tumejifunza kuandika sawasawa tukiwa na ndevu. Kifungu cha ishirini na mbili, ambacho pia ni changu, kinasema: kura yenye alama yoyote inayomtambulisha aliyeipiga ni batili. Hicho nilikiweka kwa sababu zamani wenye mashamba waliwaambia vibarua waandike jina kwa namna fulani, ili ijulikane nani ametii.

Kila mtu alikwenda nyuma ya pazia la jukwaa na kalamu, akaandika, akakunja, akatumbukiza. Zelinda alikuja mwishoni na unga mikononi, akaandika, akarudi jikoni mbio. Halafu mimi nikaketi mezani kufungua na kusoma, na Loris akasimama ubaoni kuchora mistari.

Hapo ndipo ninapopaswa kueleza neno lenyewe. Hapana kwetu ni "no", na haina matata. Ndiyo yetu ina herufi mbili, s na i, na juu ya ile i hukaa kialama cha mkazo, kimstari kinachoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Kialama kile si pambo. Ukikiacha, neno linageuka jingine, linakuwa kile kijineno cha mtu kujifanyia mwenyewe, kama "ji" katika kujiosha na kujipendelea. Watu wengi hawakiweki, hasa wakiandika kwa herufi kubwa. Waandishi wa magazeti hawakiweki. Hata Loris haweki.

Mimi huweka. Nilijifunza mwaka wa sabini na nne, wakati chama cha wafanyakazi wa vyuma kilipotupatia saa mia moja na hamsini za masomo ndani ya mkataba. Tulitoka karakana saa kumi na moja jioni, tukanawa grisi, tukaenda kubana magoti chini ya madawati ya watoto. Mwalimu wetu, Bi Fontanesi, alikuwa na umri mdogo kuliko sisi sote na hakumwogopa mtu. Ukiandika ndiyo bila kialama alikurudishia karatasi na kusema, "Bado hujakubali kitu, bwana." Kutoka Pieve Storta tulikuwa wawili katika darasa lile. Mimi na Learco.

Basi nikasoma. "No." "SI." "SI." "No." Zote za kukubali zilikuja uchi, bila kialama. Nikaanza kuzichukia kwa ubaya wa mwandiko wake, kabla ya kuzichukia kwa ubaya wa maana yake. Nikafungua moja nyingine, na mkono ukasimama.

Juu ya i kulikuwa na kialama. Kimewekwa bila haraka, kimeinama upande ulio sahihi.

Nilisoma "ndiyo" kwa sauti ile ile niliyosomea nyingine, nikaiweka karatasi ile pembeni chini ya miwani yangu. Loris akachora mstari. Nikaendelea mpaka mwisho. Hapana kumi na sita. Ndiyo thelathini na mbili.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi," kama anayefunga duka.

"Subirini," nikasema.

Nilisimama na karatasi mkononi. Sauti haikutetemeka. Najua, kwa sababu niliisikiliza. "Kura moja ni batili. Kifungu cha ishirini na mbili. Ina alama."

Loris alikuja akaitazama. "Alama gani? Mimi naona ndiyo."

"Ina mkazo juu ya herufi."

"Si ndivyo inavyoandikwa?"

"Ndivyo inavyopaswa kuandikwa. Lakini thelathini na moja hazina. Hii peke yake inajulikana."

Watu wakaanza kucheka. Mmoja wa wale wa viti vya magurudumu akapaza sauti: "Kwa hiyo sasa kuandika vizuri ni kosa, Mwalimu? Miaka hamsini umetusumbua na hizo nukta zako!"

"Wewe kaa kimya, zako siku zote zimekuwa mbovu."

"Mbovu lakini halali!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nilisikia uso unawaka. Nilijua vizuri ninachokifanya: nilikuwa nakishtaki kitu pekee nilichowahi kujivunia, mbele ya watu niliowasumbua nacho. Lakini bila kura ile zilibaki thelathini na moja, na kwa thelathini na moja Nyumba haiuzwi.

Loris aliinua mkono. Sikumpenda, lakini siku ile aliongoza mkutano vizuri, lazima niseme. "Tusome kifungu. Kinasema alama inayomtambulisha aliyeipiga. Sivyo, Dorando? Ulikiandika wewe. Basi inamtambulisha nani? Tutajie jina. Ukitaja, nafuta mstari huu mbele ya watu wote."

"Kura ni siri."

"Ni siri kama haijulikani. Wewe unasema inajulikana. Taja, au tuende kula."

Nilitazama safu ya tatu. Learco alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba uso wake ulikuwa na kitu ndani yake, lakini sikukisoma. Nilikuwa na daftari langu mfukoni, na posta, na mkwe, na ree ya turufu.

"Ni ya Learco," nikasema.

Hakuna aliyecheka tena. Learco alisimama polepole, kofia ikaanguka chini.

"Mimi?"

"Tulikuwa wawili kwa Bi Fontanesi. Yangu ni hapana."

"Na yangu ni hapana."

"Karatasi inasema vingine, Learco."

"Karatasi haisemi. Unasema wewe." Aliwageukia watu, mikono wazi. "Niliandika hapana. Niape kwa nani? Mke wangu aliolewa katika ukumbi huu!"

"Ni yangu mimi hiyo."

Zelinda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, upawa mkononi, nywele zimemgandia kwenye paji la uso kwa mvuke.

"Wewe uliacha shule ukiwa na miaka tisa," nikamwambia, bila adabu, nakiri.

"Niliacha. Halafu wakataka nifanye mtihani wa cheti cha jikoni, na nani aliyenifundisha kuandika? Si wewe? Kipupwe kizima, kwenye meza ya kukatia nyama. Ulinigonga vidole kwa kijiko kila niliposahau huo mkia wako. Umesahau? Mimi sijasahau, nilikuwa na vidole vyekundu mpaka Pasaka."

Nilikuwa nimesahau. Lilikuwa jambo dogo la kusaidiana. Sikuwahi kulihesabu kuwa ni kufundisha mtu.

"Kwa nini, Zelinda?"

"Magoti, Dorando." Hakupandisha sauti. "Miaka thelathini na mitano nasimama kwenye jiko lile, nyinyi mkila na kuijadili dunia. Wanaume arobaini na saba, wasomi watupu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kule ndani kuna kiti."

Loris akasema taratibu, karibu kwa huruma: "Umetaja jina, na jina silo. Basi alama haikumtambulisha mtu. Kwa kifungu chako mwenyewe, kura ni halali."

Nilitafuta jibu katika sentensi ile niliyoitunga mwaka wa themanini na moja. Nilikuwa nimeitunga vizuri. Haikuwa na mwanya.

Wakaenda kula. Learco alichukua kofia yake na kutoka kwa mlango wa uani.

Mwishoni mwa mwezi kampuni ilikuja na fundi wa vitasa. Vitabu nilivihamishia kwenye gereji yangu, kisanduku kimoja kimoja kwa toroli, na hakuna aliyenisaidia, ila siku ya tatu mmoja wa wale Wahindi alishuka kwenye baiskeli akasukuma toroli mpaka mlangoni, akaaga kwa kichwa, akaenda zake. Wiki nzima nilijiuliza alitaka nini.

Nilijiuliza na mengine. Labda Zelinda aliona Learco anaumbuliwa, akajitwisha kura ile ili amwokoe. Nilimwona sokoni, nikamwomba aniandikie kwenye karatasi namna anavyopika mchuzi wake.

"Unataka mchuzi au unataka mwandiko wangu?"

Niliinamia nyanya za muuzaji.

"Nenda kwa Learco," akasema. "Mimi mtihani wangu nilishafaulu."

Nilikwenda Juni, asubuhi. Alikuwa bustanini akifunga miche ya nyanya kwenye mianzi kwa uzi. Hakunifungulia geti wala hakulifunga. Niliingia, nikasema nimekosea, nikasema naomba radhi. Nilikuwa nimeyaandika kwanza nyumbani, nikayasahihisha.

"Ulianza kunishuku lini?" akauliza, bila kugeuka.

"Siku ya ubao. Ulipoficha ree."

"Sikuificha. Sikutaka kukupa ishara. Nilikuwa nakushuku wewe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mimi? Babu yangu alinyweshwa mafuta mara mbili!"

"Najua, Dorando. Kijiji kizima kinajua, tumeyanywa pamoja naye." Alikata uzi kwa meno. "Lakini wewe huwa unajisikiliza? Nchi imeoza. Vijana hawasomi. Wahindi wamejaa kwenye mazizi. Zamani tulikuwa watu, sasa ni takataka. Washa televisheni uwasikilize wale wa Mashati: ni maneno yako hayo hayo. Tofauti ni kwamba wewe huyaandiki kwa makosa. Siku ile nilisoma mia mbili na kumi na saba nikasema, Mungu wangu, moja ni ya Dorando."

"Si yangu."

"Unataka nikuamini? Kwa neno lako, kama ulivyoliamini langu?"

Nilirudi nyumbani, ni hatua mia tatu. Katika droo ya mezani, chini ya cheti changu cha shule ya jioni, nina kadi ya mpiga kura. Kila ukipiga kura msimamizi anakugongea muhuri kwenye kisanduku chake, wenye tarehe. Niliichukua nikampelekea.

Aliifungua kwa vidole vya udongo. Mihuri ilikuwa imepangana, yote mahali pake, miaka na miaka. Kisanduku kilichofuata, kilichopaswa kuwa cha Septemba, kilikuwa cheupe.

"Nilivaa koti," nikamwambia. "Nilifika mpaka kwenye geti la shule. Nikasoma mabango, majina yetu na majina yao. Kwa upande wetu hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kunawa grisi. Wote ni tabasamu na meno tu. Nikageuka. Nilimwambia Zelinda nimeshapiga mapema, asubuhi." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. "Kwa hiyo unaona. Si yangu."

Learco aliigeuza kadi nyuma, akaigeuza tena mbele. Nyuki walikuwa kwenye maua ya maboga. Jirani alikuwa anapiga nyundo mahali.

"Bora ungewapigia wale," akasema.

"Unasema nini wewe?"

"Ungewapigia, ningekutukana. Tungetukanana mpaka Krismasi, mwaka ungepita, tungekaa tena. Hilo nalijua linavyokwenda. Lakini wewe ulikaa nyumbani, Dorando. Ulikaa nyumbani, halafu ukanunua daftari ukatuorodhesha sisi. Unadhani hatukukuona pale dirishani?"

Nilitaka kumwambia kwamba daftari nimelichoma. Ingekuwa uongo, liko gerejini na vitabu.

Akanirudishia kadi akiishika pembeni kabisa ili asiichafue kwa udongo, akavuta uzi, akainamia mche uliofuata.